Kupima kani, mwendo na kazi kwa chukudu katika vilima vya Butembo na Beni

Chukudu, yaani chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, usukani na ubao mrefu wa kupakia, kisicho na pedali wala injini, ilianza kuonekana Kivu Kaskazini katika miaka ya 1970, na hadi leo hubeba viazi, makabichi, makala, mbao na bidoni za mawese kutoka vijijini hadi masokoni. Mji wa Goma umeisimamishia sanamu yenye rangi ya dhahabu. Butembo, mji uliojengwa juu ya vilima, umeipa kitu chenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi wa sayansi, nacho ni miteremko ya kila namna, mirefu na mifupi, ya vumbi wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa mvua. Maswali mengi ya fizikia katika vitabu vya shule huzungumzia gari-moshi, ilhali Kivu Kaskazini haina reli, na mwanafunzi hulazimika kukariri kanuni za mwendo wa chombo ambacho hajawahi kukipanda, huku nje ya dirisha la darasa chombo kilicho bora kwa kujifunzia kikipita kimejaa makala.

Mwongozo huu umekusudiwa mwalimu na mwanafunzi, na pia mwendesha chukudu anayetaka kujua kabla ya kuanza kuteremka kama breki yake itamtosha. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mizani ya springi ya kuning'iniza inayosoma hadi kilo 50, ya aina inayotumika kupimia mazao, kamba imara ya mita 3 hivi, ubao ulionyooka wenye urefu wa sentimita 100 kamili, chupa ya plastiki iliyojazwa maji na kuachiwa kiputo kidogo cha hewa, utepe wa kupimia, chokaa, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Vipimo vyote vifanyike katika njia isiyopitiwa na malori wala pikipiki, na kusiwe na mtu yeyote anayesimama upande wa chini wa chukudu iliyopakiwa, hata kama ameambiwa kwamba kamba imefungwa vizuri.

Kani, tungamo na uzito

Kani ni msukumo au mvuto wowote unaoweza kukifanya kitu kianze kwenda, kisimame, kibadili kasi, kigeuze mwelekeo au kibadili umbo, na kila kani huwa na ukubwa na mwelekeo, kiasi kwamba kutaja ukubwa wake peke yake ni kuacha nusu ya habari. Kipimo chake ni nyutoni, kilichopewa jina la Isaac Newton, ambaye kitabu chake kuhusu kanuni za mwendo kilitoka mwaka 1687. Nyutoni 1 ni kani inayotosha kuongeza kasi ya kitu chenye kilo 1 kwa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita.

Tungamo ni wingi wa maada iliyomo ndani ya kitu, nao hupimwa kwa kilo na haubadiliki gunia likitolewa Beni kupelekwa Butembo au hata Mwezini. Uzito ni jambo jingine: ni kani ambayo Dunia huivutia tungamo hiyo kuelekea chini, na kwa hiyo hupimwa kwa nyutoni. Karibu na ikweta, ambayo hukatiza barabara kati ya Butembo na Lubero, kila kilo 1 huvutwa kwa takriban nyutoni 9.78, ilhali kwenye ncha za Dunia huvutwa kwa takriban nyutoni 9.83, kwa sababu Dunia imevimba kidogo kiunoni na kwa sababu mzunguko wake hupunguza sehemu ndogo ya mvuto huo. Katika hesabu za barabarani nyutoni 10 kwa kila kilo zinatosha, kwa kuwa kosa linalotokana na kukadiria hivyo ni kama 2 kwa 100, na mizani nyingi za sokoni zina kosa kubwa kuliko hilo.

Springi ya mizani hurefuka kwa kadiri inavyovutwa, bila kujali ikiwa kinachoivuta ni gunia linaloning'inia au mkono wa mtu anayeivuta kwa ulalo, na ndiyo maana mizani hiyo hiyo inaweza kupima kani ya kuvuta chukudu. Inatosha kuirekebisha isome sifuri ikiwa imelazwa, kisha kila kilo inayosomeka ihesabiwe kuwa nyutoni 10.

Mteremko na masomo mawili ya mizani

Kabla ya kupima kani yoyote, msomaji apime mteremko wenyewe. Ubao wa sentimita 100 ulazwe juu ya barabara kufuata njia ya mteremko, chupa ya maji iwekwe juu yake kwa ulalo, kisha ncha ya ubao iliyo upande wa chini iinuliwe taratibu hadi kiputo cha hewa kitulie katikati ya chupa. Nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na ardhi, ikipimwa kwa sentimita, ndiyo mteremko kwa kila mia: nafasi ya sentimita 10 maana yake barabara inashuka karibu mita 10 kwa kila mita 100 za mwendo. Kipimo kirudiwe mahali kadhaa, kwa sababu barabara ya udongo hudanganya jicho, na sehemu inayoonekana kali zaidi mara nyingi siyo inayothibitishwa na ubao.

Ichukuliwe sasa, kama mfano utakaotumika hadi mwisho, chukudu yenye kilo 40 iliyopakiwa mzigo wa kilo 200, mwendeshaji wake akiwa na kilo 60. Mwendeshaji asimame kando. Tungamo ya chukudu na mzigo ni kilo 240, na uzito wake ni nyutoni 2,400, lakini sehemu kubwa ya uzito huo inabebwa na ardhi. Kwenye mteremko wa 10 kwa 100 sehemu inayovuta chukudu kufuata barabara ni moja ya kumi tu, yaani nyutoni 240. Hapo ndipo siri ya mteremko ilipo, na ndiyo sababu mtu mmoja anaweza kukipandisha kilimani kitu ambacho watu watatu wasingeweza kukiinua kutoka ardhini.

Msuguano nao ni kani inayopinga kusogea kwa nyuso mbili zinazogusana. Katika chukudu hutokea hasa mahali pawili: kwenye mhimili, ambako gurudumu huzunguka juu ya beringi au, katika chukudu za zamani, juu ya mbao iliyopakwa mafuta mazito, na pale mpira uliofungwa kuzunguka gurudumu unapobonyea na kuubonyeza udongo. Msuguano haujionyeshi peke yake mlimani, kwa kuwa umechanganyika na mvuto wa mteremko, lakini kuna njia nyepesi ya kuvitenganisha. Kamba ifungwe kwenye chukudu, mizani iwekwe kati ya kamba na mkono, kisha chukudu ivutwe kupanda polepole kwa kasi isiyobadilika na kilo zinazosomeka ziandikwe. Baada ya hapo iachiwe ishuke polepole vilevile, kamba ikiizuia kutoka juu, na kilo ziandikwe tena.

Wakati wa kupanda, mvutaji hushindana na mteremko pamoja na msuguano. Wakati wa kushuka, msuguano humsaidia kuizuia. Mizani ikisoma kilo 36 katika kupanda na kilo 12 katika kushuka, jumla yake ni 48 na nusu yake ni 24, na hizo kilo 24, yaani nyutoni 240, ndizo mvuto wa mteremko. Tofauti kati ya masomo hayo ni 24 na nusu yake ni 12, na hizo ndizo msuguano, yaani nyutoni 120. Mwanafunzi ambaye amepata nyutoni 240 kwa kamba baada ya kuzipata kwa ubao na chupa ya maji amepata jambo ambalo kitabu hakiwezi kumpa, nalo ni hakika kwamba hesabu na barabara vinasema kitu kimoja. Masomo yasipolingana, kosa la kwanza la kutafuta ni kasi iliyobadilika katikati ya kuvuta, kwa maana kuharakisha chukudu huhitaji kani ya ziada ambayo si mteremko wala msuguano.

Kazi na nishati

Katika fizikia kazi hufanyika pale tu kani inapokisogeza kitu katika mwelekeo wake, na kiasi chake ni kani ikizidishwa kwa umbali. Kani ya nyutoni 1 inayosogeza kitu kwa mita 1 hufanya kazi ya juli 1, kipimo kilichopewa jina la James Prescott Joule. Kwa maana hiyo mtu anayezuia chukudu isirudi nyuma kwa muda wa saa nzima hafanyi kazi yoyote juu yake, ijapokuwa misuli yake inatumia nishati na jasho linamtoka. Na mwalimu asishangae darasa likikataa jambo hili kwa sauti, kwa kuwa lugha ya kila siku huhesabu jasho, ilhali fizikia huhesabu umbali.

Chukudu ya mfano ikisukumwa mita 100 katika mteremko ule, kani inayohitajika ni nyutoni 360 na kazi ni juli 36,000. Mzigo na chombo vimepanda mita 10 wima, na kuvipandisha huko peke yake kunahitaji nyutoni 2,400 mara mita 10, yaani juli 24,000, ambazo hazijapotea bali zimewekwa katika hali ya nishati tuli, nishati ya kitu kilichoinuliwa. Juli 12,000 zilizobaki zimeliwa na msuguano na kugeuka joto. Ufanisi, yaani sehemu ya kazi iliyozaa matunda yaliyokusudiwa, ni theluthi mbili.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu vitabu vingi hufundisha kwamba mteremko mrefu na mfupi huhitaji kazi ileile, na hilo ni kweli pale tu msuguano unapopuuzwa. Ikiwa kilima hicho hicho cha mita 10 kina njia ya mkato ya mita 50, mteremko wake ni 20 kwa 100, mvuto wake ni nyutoni 480, na pamoja na msuguano uleule wa nyutoni 120 msukumaji atahitaji nyutoni 600. Kazi itakuwa juli 30,000, pungufu kuliko za njia ndefu. Njia inayozunguka basi haiokoi kazi hata kidogo, tena huongeza. Inachookoa ni kani, nayo ndiyo inayomshinda binadamu. Mtu wa kilo 60 hawezi kusukuma kwa nyutoni 600, na kinachomkwamisha kwanza mara nyingi ni nyayo kabla ya misuli: ili asonge mbele ni lazima miguu yake isukume ardhi kurudi nyuma, na ardhi ndipo humrudishia msukumo ulio sawa kwa ukubwa na kinyume kwa mwelekeo. Kwenye njia ya mita 100 miguu hiyo inahitaji kushika ardhi kwa nyutoni 420, yaani 360 za chukudu na 60 za mwili wake mwenyewe, sawa na sehemu saba kati ya kumi za uzito wake. Udongo mkavu wenye changarawe unaweza kuhimili hayo, tope haliwezi.

Ongezeko hilo la mwili wa msukumaji husahaulika mara kwa mara. Akipanda kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde, mita 100 zitamchukua sekunde 200, na jumla ya kazi, pamoja na juli 6,000 za kujipandisha mwenyewe, ni juli 42,000, sawa na juli 210 kwa kila sekunde. Kasi ya kufanya kazi hupimwa kwa wati, na wati 1 ni juli 1 kwa sekunde, kwa hiyo msukumaji huyu anatoa wati 210, kiasi ambacho mtu mwenye afya hawezi kukidumisha kwa muda mrefu. Kituo kidogo cha umeme wa maji cha Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, kilianza mwaka 2013 kikiwa na kilowati 400, ambazo ni sawa na nguvu za wasukumaji wa namna hiyo zaidi ya 1,900 wakifanya kazi kwa wakati mmoja bila kupumzika.

Kwa safari ndefu hesabu hugeuka kwa namna isiyotarajiwa. Kutoka Beni, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, hadi Butembo, iliyo kwenye takriban mita 1,700, barabara ina urefu wa kilomita 54 hivi. Kupandisha kilo 100 kwa mita 600 hizo kunahitaji juli 600,000. Msuguano ukiwa kama ule wa chukudu ya mfano, yaani nyutoni 5 kwa kila nyutoni 100 za uzito, kilo hizo hizo zitapingwa na kani ya nyutoni 50 katika mita 54,000 zote, na kazi yake ni juli 2,700,000, zaidi ya mara nne ya kazi ya mlima. Ni kweli kwamba mizigo ya masafa hayo husafirishwa na malori, lakini somo linabaki lilelile kwa anayetoka kijiji cha kilomita 10: kupunguza msuguano kwa nusu, kwa beringi nzuri, grisi na mpira usiochakaa, kunaokoa kazi nyingi kuliko ambavyo kilima kingeokoa kama kingesawazishwa.

Kuhusu nyenzo, ambayo nayo huokoa kani bila kuokoa kazi, maneno machache yanatosha. Gurudumu likizama kwenye tope, mti mnene wa mita 2 ukipitishwa chini ya mhimili na kuegemezwa juu ya jiwe lililo sentimita 40 kutoka kwenye mhimili, mkono wa upande wa pili una sentimita 160, na kani ya mkono huo huzidishwa mara nne. Jiwe ndilo egemeo, na gharama yake ni kwamba mkono utashuka sentimita 40 ili gurudumu lipande 10.

Mwendo wa kushuka

Kasi ni umbali unaopitwa katika muda fulani, na mchapuko ni kiasi ambacho kasi hiyo hubadilika katika kila sekunde. Galileo Galilei, ambaye mwaka 1638 alichapisha majaribio yake juu ya mipira inayobingirika katika mfereji ulioinama, alitumia mteremko kwa sababu kitu kinachoanguka wima huenda haraka mno kuweza kupimwa kwa saa za zama zake. Chukudu humpa msomaji fursa ileile.

Kwenye mteremko wa 10 kwa 100 wenye tambarare mwishoni, mistari ya chokaa ichorwe kwenye mita 1, 4, 9 na 16 kutoka mahali pa kuanzia. Mwendeshaji apande, jumla ya tungamo sasa ikiwa kilo 300, aachie breki bila kujisukuma kwa mguu, na mtu mwenye simu aanze kuhesabu gurudumu linapoanza kuzunguka. Mvuto wa mteremko ni nyutoni 300, msuguano ni nyutoni 150, na kani inayobaki ni nyutoni 150. Ikigawanywa kwa kilo 300 hutoa mchapuko wa nusu mita kwa sekunde katika kila sekunde. Mistari inapaswa kufikiwa baada ya sekunde 2, 4, 6 na 8. Muda ukiongezeka mara mbili umbali huongezeka mara nne, na katika mstari wa mwisho kasi ni mita 4 kwa sekunde, sawa na kilomita 14 na kitu kwa saa.

Jaribio lisipitishwe hapo. Mteremko ukiendelea hadi mita 100, hesabu hiyo hiyo, ukiachwa upinzani wa hewa ambao huanza kuonekana katika kasi kubwa, inatoa mita 10 kwa sekunde baada ya sekunde 20, yaani kilomita 36 kwa saa, juu ya mbao na bila kofia.

Wengi huamini kwamba chukudu yenye mzigo mzito hushuka haraka kuliko nyepesi. Bila breki si hivyo: jumla ya uzito ikiongezwa mara mbili, mvuto huongezeka mara mbili, msuguano huongezeka karibu mara mbili, na tungamo inayopaswa kuharakishwa huongezeka mara mbili vilevile, hivyo mchapuko hubaki uleule. Msomaji anaweza kuthibitisha kwa kuteremsha chukudu tupu na kisha iliyopakiwa, akitumia mistari ileile. Imani hiyo hata hivyo haikutoka hewani, kwa kuwa waendeshaji hawateremki bila breki, na breki haina desturi ya kuongezeka pamoja na mzigo.

Breki na mteremko wa mpaka

Breki ya chukudu ni kipande cha mpira ambacho mwendeshaji hukikandamiza kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Nguvu yake hutegemea mambo mawili, ambayo ni kani ya mguu na jinsi mpira unavyoshika, na hakuna hata moja kati ya hayo linalojua ni magunia mangapi yamepakiwa. Mguu unaokandamiza kwa nyutoni 500, mpira ukiwa mkavu na kushika kwa sehemu sita kati ya kumi za kani hiyo, hutoa breki ya nyutoni 300.

Katika mteremko ule wa 10 kwa 100, nyutoni 300 za breki na 150 za msuguano hupingana na 300 za mvuto, na kinachobaki cha kupunguza kasi ni nyutoni 150 tu. Nishati mwendo, yaani nishati ya kitu kwa sababu ya kwenda kwake, ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa kasi mara kasi. Chukudu ya kilo 300 inayokwenda mita 10 kwa sekunde ina juli 15,000, na nyutoni 150 huzimaliza baada ya mita 100. Kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde nishati hiyo ni robo, na mita 25 zinatosha. Mwendeshaji anayesubiri chombo kikimbie ndipo aanze kukandamiza amejinunulia umbali wa kusimama mrefu mara nne kwa kasi iliyoongezeka mara mbili tu, na katika mita hizo 100 breki itakuwa imegeuza juli 30,000 kuwa joto ndani ya kipande cha mpira kisichozidi kiganja, jambo ambalo pua hulitambua kabla ya mkono.

Swali lenye uzito zaidi ni mteremko upi ambao breki haiwezi kuushinda kabisa. Jibu linapatikana mahali tambarare kwa kipimo kimoja. Chukudu ipakiwe kama itakavyosafiri, mwendeshaji apande na kukandamiza breki kwa nguvu anayoweza kuidumisha, kisha wasaidizi waivute kwa kamba na mizani, polepole na kwa kasi isiyobadilika. Kilo zinazosomeka zigawanywe kwa kilo za jumla ya tungamo. Katika mfano mizani itasoma kilo 45, kwa sababu inashinda breki na msuguano kwa pamoja. 45 ikigawanywa kwa 300 ni 0.15, na huo ndio mteremko wa mpaka: mita 15 kwa kila 100. Chini ya hapo breki inaweza kusimamisha chukudu, umbali ukiruhusu. Katika mpaka wenyewe inaweza tu kuzuia kasi isiongezeke. Juu ya hapo chukudu itaharakisha hata mwendeshaji akikandamiza kwa mguu wote tangu mwanzo, na hakuna ustadi wa usukani utakaobadilisha jambo hilo.

Kipimo hicho kirudiwe baada ya gurudumu la nyuma kumwagiwa ndoo ya maji. Mpira uliolowa ukishika nusu tu ya ulivyoshika, mizani itasoma kilo 30, na mpaka utashuka hadi 10 kwa 100, maana yake katika barabara ile iliyoteremkwa asubuhi wakati wa jua breki haiwezi tena kusimamisha chukudu hiyo jioni baada ya mvua, ingawa mzigo, mtu na breki ni vilevile. Vilevile mzigo ukiongezwa hadi jumla ifikie kilo 500, msuguano wa magurudumu huongezeka lakini breki hubaki nyutoni 300, kani ya kuivuta huwa nyutoni 550, kupita kipimo cha mizani ya kilo 50, na mpaka huwa 11 kwa 100 hata katika ukavu. Kwa mtu anayelipwa kwa gunia hesabu hii si ya kupendeza, lakini ni bora aipate tambarare.

Inabaki njia ya mkato ya 20 kwa 100 iliyotajwa awali. Chukudu ya kilo 300 huvutwa humo kwa nyutoni 600, nayo ina nyutoni 450 za kujizuia. Pengo la nyutoni 150 linaweza kuzibwa na msaidizi anayefuata nyuma kwa miguu akiwa ameshika kamba, kani ambayo mizani ingeionyesha kama kilo 15, na msaidizi aizungushe kamba hiyo kwenye kipande cha mbao cha kushikilia badala ya kuifunga mkononi. Asipokuwapo msaidizi, kugawa mzigo katika safari mbili za kilo 100 hakutoshi: jumla itakuwa kilo 200, mizani itasoma kilo 40, na mpaka utakuwa 20 kwa 100 kamili, ambapo chukudu haiharakishi lakini pia haisimami. Kwa safari nne za kilo 50 mpaka hupanda hadi 25 kwa 100, na mwendeshaji huweza kusimama njiani, mradi mpira ni mkavu. Ukilowa, mpaka wa mzigo huo mdogo hurudi kwenye 15, na njia ndefu ya mita 100 ndiyo inayobaki.